Maili Moja ya Maua: Kisa cha Bustani za Wachavushaji katika Mtaa wa Columbia, Seattle

Katika mitaa mingi ya makazi jijini Seattle, kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, kati ya njia ya waendao kwa miguu na barabara ya magari huachwa mkanda mwembamba wa ardhi ambao Kiswahili hakina jina lake la moja kwa moja. Si shamba, si uwanja, wala si sehemu ya nyumba. Ni ardhi ya umma iliyo ndani ya hifadhi ya barabara, lakini kanuni za jiji zinamtaka mwenye nyumba inayopakana nayo aitunze yeye mwenyewe. Nyasi huota hapo na kukatwa, mbwa hujisaidia, milango ya magari yaliyoegeshwa hufungukia hapo, mapipa husimamishwa hapo siku ya gari la taka, na ni nadra kumwona mtu amesimama hapo kwa hiari yake. Haikutelekezwa kwa maana ya kujaa takataka. Imetelekezwa kwa maana kwamba kila mwaka inafyekwa bila mtu kuifikiria.

Karibu na mwaka 2008, mbunifu na msanii aitwaye Sarah Bergmann aliichagua mikanda ya namna hiyo katika Mtaa wa Columbia, akapendekeza igeuzwe kuwa mfululizo wa bustani za mimea inayowafaa wachavushaji, yaani nyuki na viumbe wengine wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Vipimo vya wazo lake vilikuwa rahisi kushikika: urefu wa maili moja, yaani takriban kilomita 1.6, na upana wa futi 12 hivi, ambao haufiki mita 4. Upande mmoja bustani zingeanzia Chuo Kikuu cha Seattle, ambacho viwanja vyake viliachana na viuatilifu tangu miaka ya 1980 chini ya msimamizi wa bustani Ciscoe Morris. Upande wa pili zingeishia Nora's Woods, kijisitu cha theluthi moja ya ekari kilichosalia katikati ya nyumba. Mradi ukapewa jina la Pollinator Pathway, yaani njia ya wachavushaji.

Nimeuchagua mradi huu si kwa ukubwa wake, kwa kuwa haukuwahi kuwa mkubwa, bali kwa sababu unayaweka wazi maswali mawili ambayo taarifa nyingi kuhusu bustani za nyuki huyapita juujuu. Swali la kwanza ni kwamba, baada ya siku ya kupanda, ardhi ile ni wajibu wa nani. Swali la pili ni kwamba maua yale yamepandwa kwa ajili ya nyuki yupi. Naanza na la pili, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini mradi ulizaliwa wakati ule.

Nyuki aliyezua hofu na nyuki aliyesahauliwa

Mwishoni mwa mwaka 2006, mfugaji nyuki wa jimbo la Pennsylvania, David Hackenberg, aliyekuwa amehamishia mizinga yake Florida, aliikuta mingi kati yake ikiwa mitupu kwa namna isiyo ya kawaida. Asali ilikuwepo na makinda yalikuwepo, lakini nyuki wafanyakazi walikuwa wametoweka bila hata mizoga yao kuonekana. Katika miezi iliyofuata wafugaji wengine wengi wa Marekani walitoa taarifa za aina hiyohiyo, na vyombo vya habari vikalishika jambo hilo kwa nguvu zote. Sababu zilizotajwa na watafiti zilikuwa nyingi na zilizosukana: utitiri wa Varroa na virusi anavyosambaza, viuatilifu, lishe duni, na uchovu wa nyuki wanaosafirishwa kwa malori kutoka jimbo hadi jimbo. Mashamba ya lozi ya California peke yake huhitaji mizinga zaidi ya milioni 1 kila mwezi wa Februari, na mizinga hiyo hufikishwa huko kutoka pande nyingi za nchi.

Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya mtu wa mjini, ambaye hakuwahi kufungua mzinga maishani, aanze kujiuliza angefanya nini. Jibu lililokuwa karibu lilikuwa kupanda maua. Bergmann naye alianzia katika wasiwasi huohuo, lakini hakukaa hapo, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoutofautisha mradi wake na mingi iliyofuata. Nyuki wa asali si mwenyeji wa Amerika Kaskazini. Aliletwa Virginia na walowezi wa Kiingereza mwaka 1622, na tangu hapo amekuwa mfugo kama walivyo ng'ombe na kuku. Wenyeji ni wengine kabisa: spishi zipatazo 4,000 za nyuki wa porini katika eneo la Marekani na Kanada, kaskazini ya mpaka wa Mexico, nyingi zikiwa za nyuki wapweke ambao hawaundi kundi, hawatengenezi asali ya kurinwa, na jike mmoja hujichimbia tundu lake, huweka chavua, hutaga na kufa kabla ya kuwaona watoto wake.

Matatizo ya mfugo na matatizo ya mnyama wa porini hayatibiwi kwa dawa moja. Kusikia kwamba nyuki wa asali wanakufa kwenye malori ya lozi, kisha ukapanda maua mbele ya nyumba yako ukiamini unawaokoa hao, ni sawa na kusikia kwamba ng'ombe wa maziwa wanakufa kwa ndigana kisha ukaenda kuwapandia nyati majani. Nyati watanufaika, na hilo si baya, lakini ng'ombe atabaki na ndigana yake. Bergmann mwenyewe amesisitiza hadharani kwamba mradi wake haukuwa wa kumwokoa nyuki wa asali, na kwamba mdudu huyo ni mnyama wa kilimo ambaye ameenea duniani kuliko wachavushaji wengi wa porini.

Tofauti hii ina matokeo ya vitendo. Mtu anayempendelea nyuki wa asali ataweka mzinga katikati ya bustani, naye mzinga mmoja wakati wa kiangazi huwa na makumi ya maelfu ya nyuki wanaoruka kilomita kadhaa kutafuta chakula. Katika mkanda wa mita 4 hao wanaweza kuyamaliza maua kabla nyuki mdogo wa porini, ambaye safari yake yote ni mita mia chache, hajapata sehemu yake. Anayewapendelea wa porini ataacha mizinga kando, atachagua mimea ya asili ya eneo lile, na ataacha sehemu ya udongo ikiwa tupu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mpenda bustani. Takriban asilimia 70 ya spishi za nyuki wa Amerika Kaskazini huweka viota ardhini, na tabaka nene la matandazo ya magome ya miti, ambalo ndiyo fahari ya bustani nyingi za Seattle, kwa nyuki wa ardhini ni kama mlango uliozibwa.

Ushoroba usio wa kupita

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa ushoroba ni nini. Tunajua kwamba ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ukizibwa na makazi na mashamba, nyumbu na pundamilia wanaoutumia kwa safari zao za kila mwaka watakwama. Bergmann aliazima fikra hiyohiyo: visiwa viwili vya kijani vimetengwa na mji, basi viunganishwe kwa mkanda.

Hapa natofautiana kidogo na wazo lilivyopokewa na wengi. Nyumbu hana budi kupita ardhini, na ua likimzuia amezuiwa. Nyuki anaruka juu ya paa la nyumba, na hakuna nyuki anayeondoka chuo kikuu asubuhi kwa nia ya kufika Nora's Woods jioni. Thamani ya mkanda wa Columbia, kwa hiyo, haiko katika kuunganisha ncha mbili kama barabara inavyounganisha miji miwili. Iko katika kuongeza vituo vya chakula na viota ndani ya umbali ambao nyuki mdogo anaweza kuumudu, kituo baada ya kituo, ili kizazi cha mwaka huu kiweke viota hatua mia chache mbele ya kizazi cha mwaka jana. Ukiitazama hivyo, mapengo kati ya bustani hayauharibu mradi mzima, kama ambavyo pengo moja lingeuharibu ushoroba wa wanyama wakubwa. Ni bahati njema, kwa sababu mapengo hayakukosekana. Bustani zilijengwa moja moja, kila moja ikisubiri ridhaa ya nyumba yake.

Je, mkanda mdogo wa maua unaweza kweli kubadili chochote? Ushahidi wa mahali pengine unaelekea kusema ndiyo, kwa sharti kwamba kinachobadilishwa ni nyasi zinazokatwa fupi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Lorna Blackmore na Dave Goulson walipanda mbegu za maua ya porini kwenye vipande vya nyasi za umma katika mji wa Stirling, Uskoti, kisha wakavilinganisha na nyasi za kawaida zilizoendelea kukatwa. Vipande vilivyopandwa vilikuwa na maua mara 25 zaidi, na nyuki wakubwa wenye manyoya mengi, wale wanene wanaoruka hata siku za baridi, walikuwa mara 50 zaidi. Tarakimu hizo zinashangaza mpaka mtu akumbuke zimeanzia wapi: nyasi zilizokatwa fupi hazina karibu chochote kwa nyuki, na jambo lolote likizidishwa kutoka karibu na sifuri huonekana kubwa.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Susannah Lerman huko Springfield, Massachusetts, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikwenda njia ya kivivu zaidi, nami naupenda kwa sababu hiyo. Hakikupandwa kitu. Nyasi za nyumba 16 zilikatwa kwa ratiba tatu: kila wiki, kila wiki mbili, au kila wiki tatu. Zilizosubiri wiki tatu zilikuwa na maua mara 2.5 zaidi, yakiwa ni magugu ya kawaida yanayojiotea ndani ya nyasi, lakini nyuki waliokuwa wengi zaidi kwa idadi walipatikana kwenye nyasi zilizokatwa kila wiki mbili. Anayepanga bustani katika mtaa usio na fedha anapaswa kuanza na utafiti huu kabla ya kununua mche hata mmoja.

Kazi ya mikono

Udongo wa ukingo wa barabara si udongo wa bustani. Umeshindiliwa na mashine wakati wa ujenzi, na baadaye na nyayo na magurudumu. Chini yake hupita mabomba ya maji na gesi, kwa hiyo huwezi kuchimba popote unapotaka. Nyasi zilizokuwepo zina mizizi iliyosukana kama mkeka, nazo zisipoondolewa vizuri hurudi katikati ya miche kabla ya mwaka kwisha. Njia inayopendwa na wanaokwepa viuagugu ni kuzifunika kwa maboksi yaliyofunguliwa na kulowanishwa, kisha mboji juu yake, na kuacha giza lizimalize kwa miezi kadhaa. Ni njia ya polepole, haina gharama kubwa, na kwa muda wote huo mtaa hutazama rundo la maboksi yanayooza mbele ya nyumba ya mtu. Uvumilivu wa majirani unaanzia hapo, si kwenye maua.

Kisha kuna maji. Seattle inasifika kwa mvua, na mgeni anaweza kudhani kwamba kumwagilia hakuhitajiki. Ukweli ni kwamba mvua zake hunyesha kuanzia vuli hadi mwanzo wa machipuko, na miezi ya Julai na Agosti ni mikavu sana. Mche uliopandwa Aprili hukutana na ukame kabla mizizi yake haijashuka. Mimea ya asili ya eneo lile imezoea mzunguko huo na ikishakomaa haihitaji kumwagiliwa sana, lakini miaka miwili ya kwanza lazima mtu avute mpira wa maji kutoka kwenye nyumba yake, avuke njia ya miguu, na alipe bili kwa ajili ya mimea iliyo kwenye ardhi ambayo si yake.

Uchaguzi wa mimea nao unabanwa na barabara yenyewe. Karibu na makutano mimea haipaswi kuwa mirefu kiasi cha kumficha mtoto anayetaka kuvuka au gari linalokuja. Kandokando ya maegesho lazima ibaki nafasi ya abiria kukanyaga anaposhuka. Ndani ya mipaka hiyo mpanga bustani anatafuta jambo ambalo bustani za mapambo hulisahau, nalo ni mfululizo wa maua kuanzia mwisho wa baridi hadi vuli. Malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya huamka mapema akiwa peke yake na njaa. Akikosa mbochi, yaani maji matamu ya maua, wiki hiyo, kundi lake halitakuwepo, hata kama mwezi Juni mtaa mzima utakuwa umefurika rangi. Bustani inayochanua kwa fahari wiki sita na kukaa kijani kitupu miezi inayobaki imempikia mgeni karamu moja na kumwacha alale njaa siku nyingine zote.

Mwenye nyumba, mpangaji na jiji

Sasa nirudi kwenye swali la wajibu, ambalo ndilo naliona kuwa kiini cha kisa hiki. Mpango wa kawaida wa bustani ya umma una mlango mmoja wa kubisha: halmashauri ikikubali, kazi inaanza, ikikataa, inaisha. Mtaa wa Columbia ulikuwa na milango kadhaa kwa kila kipande. Ardhi ni ya jiji, matunzo ni ya mwenye nyumba, na anayeishi pale mara nyingi ni mpangaji ambaye hana mamlaka ya kukubali wala sababu ya kujifunga na bustani itakayokomaa baada ya yeye kuhama. Bergmann alilazimika kuzungumza na nyumba moja moja.

Jiji lenyewe lilikuwa limeanza kulegea. Mwaka 2009 Seattle ililegeza masharti ya kulima kwenye mikanda hiyo na kuondoa ada ya kibali iliyokuwa ikiwakatisha watu tamaa, na mwaka 2010 ukatangazwa kuwa mwaka wa kilimo cha mjini. Pia jiji lina, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mfuko wa ruzuku kwa miradi ya mitaa ambao huhesabu saa za kazi za kujitolea kama mchango wa jamii. Mfuko wa namna hiyo unaifaa kazi ya bustani, kwa kuwa mtaa usio na fedha huwa na mikono. Una upungufu mmoja unaojulikana na kila aliyewahi kuendesha mradi wa jamii: fedha za kuanzisha hupatikana, fedha za kupalilia mwaka wa tano hazipatikani, na watu waliojitokeza mia kwa siku ya kupanda, wakapiga picha, hawajitokezi kumi Jumamosi ya kung'oa magugu. Silisemi hili kwa kejeli. Kupanda ni sherehe na kupalilia ni kazi, kila mahali duniani.

Mpango wa Seattle wa kumfanya mwenye nyumba awe mtunzaji una nguvu kwa sababu mtunzaji anaishi hatua kumi kutoka kwenye bustani na anaiona kila asubuhi. Udhaifu wake ni kwamba nyumba huuzwa. Mnunuzi mpya hakuahidi mtu chochote, na kama anapenda nyasi, wikendi moja inatosha kuifuta miaka sita. Bustani iliyo juu ya ardhi ya umma lakini inayotegemea hiari ya mtu binafsi haina hati inayoilinda, na hadi leo sijaona mji uliolitatua jambo hili bila ama kuajiri watunzaji wa kudumu ama kukubali kwamba baadhi ya bustani zitakufa na nyingine kuzaliwa.

Kuna jambo jingine ambalo mchambuzi wa mtaa huu hawezi kulikwepa. Sehemu kubwa ya Mtaa wa Columbia, kati ya chuo kikuu na Nora's Woods, inapita katika eneo liitwalo Central District, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa makazi ya Wamarekani Weusi, kwa sehemu kwa sababu mabenki na mikataba ya ubaguzi iliwafungia maeneo mengine ya jiji. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wake. Katika miaka ya 2010 walikuwa wameshuka chini ya asilimia 20, kodi zikiwa zimepanda na nyumba zimebadilisha mikono. Bustani za nyuki hazikusababisha mabadiliko hayo, ambayo yalianza muda mrefu kabla yake. Hata hivyo, mkazi wa zamani anayeona mtaa ukipambwa wakati ule ule majirani zake wanapohama ana haki ya kuuliza urembo ule unamwandalia nani nafasi, na mpangaji wa bustani anayebisha hodi akiwa na michoro mizuri anapaswa kuwa amelifikiria swali hilo kabla mlango haujafunguliwa. Naliona hili kuwa gumu kuliko uchaguzi wa mimea, na ndilo lililoandikwa kidogo zaidi.

Maua yenye sumu

Mwezi Juni 2013, katika mji wa Wilsonville, jimbo jirani la Oregon, nyuki wakubwa wenye manyoya zaidi ya 50,000 walikutwa wamekufa kwenye maegesho ya magari ya eneo la maduka. Miti iliyopandwa hapo kwa ajili ya kivuli ilikuwa imenyunyiziwa kiuatilifu cha jamii ya neonikotinoidi ikiwa katika maua. Lengo lilikuwa vidukari, ambao umajimaji wao hudondokea magari na kuyachafua. Miti ile ilikuwa chakula kizuri kwa nyuki, na ndiyo maana ikawa mtego mzuri: maegesho yasiyo na mti hata mmoja yasingemuua nyuki hata mmoja.

Mwaka huohuo na uliofuata, miche iliyonunuliwa kwenye maduka makubwa ya bustani ya Marekani na kupimwa ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya sampuli ilikuwa na mabaki ya kemikali za jamii hiyo, ikiwemo miche iliyouzwa kwa sifa ya kuwavutia nyuki. Neonikotinoidi hunyonywa na mmea na kusambaa mpaka kwenye chavua na mbochi, hivyo haziondoki kwa kuoshwa. Mwaka 2014 Halmashauri ya Jiji la Seattle ilipitisha azimio la kuacha kuzitumia kwenye ardhi za jiji. Kwa mkanda wa Columbia, ulio kati ya ardhi ya jiji na ua wa mtu binafsi, azimio hilo lingeweza kulinda nusu tu ya jambo: jiji halitanyunyizia, lakini mche unaotoka dukani mikononi mwa mwenye nyumba unaweza kuja na sumu yake. Ndiyo maana chanzo cha miche kinapaswa kuulizwa kabla ya rangi ya maua, na kukuza miche kwa mbegu, ijapokuwa kunachelewesha kazi kwa mwaka mzima, kunabaki kuwa njia salama zaidi.

Hifadhi za barabara za kwetu

Mradi wa Columbia umeigwa sehemu nyingine za Marekani. Mwaka 2017 kulianza huko Wilton, Connecticut, harakati yenye jina kama hilo, ambayo imeenea katika miji mingi ya kaskazini mashariki kwa kuwaomba wenye nyumba wapande mimea ya asili na kuacha viuatilifu. Imekwenda mbali kuliko ya Seattle kwa sababu imekwepa ardhi ya umma kwa kiasi kikubwa na kuanza na ua wa mtu, ambako kibali ni cha mwenyewe. Ni njia rahisi zaidi, lakini ukingo wa barabara umebaki palepale na nyasi zake.

Kwa Afrika Mashariki, nusu ya hoja za Seattle zinageuka kichwa chini. Kwetu nyuki wa asali ni mwenyeji, si mgeni aliyeletwa na meli. Tena safari yake ilikuwa ya kwenda, si ya kuja: mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, na mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka katika kituo chake cha utafiti. Vizazi vyao, vilivyochanganyika na nyuki wa Ulaya, vilisambaa bara zima hadi kuvuka mpaka wa Texas mwaka 1990. Nyuki huyo anajulikana kwetu kwa ukali wake anapolinda mzinga, na hofu ya watu kwake ina msingi. Bustani ya maua kandokando ya kituo cha daladala haina hatari kubwa, kwa kuwa nyuki aliye kwenye ua yuko kazini na hana cha kulinda. Mzinga kandokando ya kituo hichohicho ni jambo jingine, na mtu anayeyachanganya mawili hayo ataupoteza mtaa mzima siku ya kwanza nyuki watakapowashambulia watoto wa shule. Nyuki wadogo wasiouma, ambao watu wetu wamekuwa wakirina asali yao tangu zamani, wanafaa zaidi pale ambapo mzinga ni lazima uwepo.

Swali la wajibu nalo linabadilika. Tanzania ina hifadhi za barabara zilizo pana kuliko mkanda wa Columbia: chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu ina mita 30 kila upande kutoka katikati. Mwenye nyumba kwetu hana mazoea ya kudaiwa atunze ardhi hiyo, na akiigusa anaogopa alama nyekundu ya kubomoa. Walioishika kwa vitendo ni wauza miche. Kandokando ya barabara nyingi za Dar es Salaam wamepanga viroba na vyungu kwa mamia, wanamwagilia asubuhi na jioni, wanapalilia, wanazuia taka zisitupwe, na wanafanya hayo yote bila uhakika wa kuwepo mwaka ujao. Hicho ndicho Seattle ilikitafuta kwa kubisha hodi nyumba moja moja: mtu anayekiona kipande cha ardhi kila siku na mwenye sababu ya kukijali.

Bidhaa zao nyingi hazimsaidii nyuki, kwa sababu soko linataka mitende, nyasi za zulia na mimea ya majani ya rangi. Lakini mlonge na mbaazi, ambazo maua yake nyuki huyakimbilia, huota kwenye udongo huohuo, na wanunuzi wa mlonge hawakosekani. Zaidi ya hayo, mita chache nyuma ya vyungu vyao, katika sehemu ya hifadhi ambayo hakuna aliyeigusa, kivumbasi hujiotea chenyewe baada ya kila msimu wa mvua na kujaa nyuki kuanzia saa mbili asubuhi, mpaka siku vibarua wa usafi wanapopita na mafyekeo.